Siku Niliyoikatiza Taksimu ya Nassor

Naikumbuka siku moja ya Jumamosi, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu, na mama wa watoto wangu hilo analijua na ameshanisamehe. Ilikuwa miaka minne au mitano baada ya Mapinduzi, wakati wa alasiri, katika ukumbi wa juu wa nyumba ya Bi Zuwena pale Kiponda. Siku hiyo nilifanya kosa dogo sana. Halikuchukua hata muda wa kukohoa. Sikuiba, sikupiga mtu, sikutukana. Niliondosha kidole changu juu ya kodiani, kile kinanda cha kuvuta kifuani, basi. Lakini nimeishi na kosa lile mpaka meno yameanza kuniaga moja moja, na leo nataka nikuhadithie. Vijana mnapokuja hapa kwangu mnaniuliza habari za muziki wetu, tulipiga nini, nani alitufundisha. Muziki nitakueleza, ila ninachotaka uondoke nacho si muziki.

Tulikuwa watatu. Mimi nilikuwa fundi wa redio, na kibanda changu kilikuwa Mkunazini. Redio ikishapona lazima uijaribu, na mimi nilikuwa nikizijaribu muda mrefu kuliko haja. Mwenye redio anakuja kuichukua, namwambia bado inaumwa. Masafa mafupi ndiyo yaliyoniharibu. Huko ndiko nilikoisikia jazi ya Wamarekani weusi. Si jazi ya kuchezea dansi, hiyo tulikuwa nayo kwa wingi. Ile nyingine, ambayo mtu anapuliza saksafoni kama anayegombana na jirani, mara anabembeleza, mara anapotea kabisa, unasema huyu leo harudi, kumbe anarudi. Nilikuwa nikipiga kodiani katika klabu ya taarabu tangu sina ndevu, nikaona maskini mimi, kumbe sijui kitu.

Wa pili alikuwa Nassor. Nassor alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali, mwembamba, mpole mpaka anaudhi, na alikuwa mpiga fidla. Fidla alifundishwa na marehemu baba yake. Yeye ndiye aliyeingia kibandani kwangu kuleta redio ya mama yake, akanikuta nimeinamia sauti ya saksafoni, akakaa juu ya kasha bila ya kukaribishwa. Nyimbo ilipokwisha akasema, "Abdalla, huyu bwana anapiga taksimu." Nami nikashtuka, kwani ni kweli. Taksimu, kwa usiyeijua, ni pale katika taarabu ambapo mpigaji mmoja huachiwa uwanja akatembea peke yake kwa anavyojisikia moyoni, bila ya kuandikiwa wala kupangiwa. Babu zetu walikuwa wakiifanya zamani, na sisi tukahangaika kuitafuta ng'ambo ya bahari. Ng'ombe hajui thamani ya mkia wake mpaka ukatike.

Wa tatu alikuwa Benedikti, kijana wa mtaa wa Ng'ambo, babake alikuja kutoka bara siku za nyuma kufanya kazi ya bandari. Jumapili asubuhi yuko kanisani, jioni anapiga ngoma katika beni ya matarumbeta ile inayopita mitaani na watoto nyuma. Mikono yake haikujua kutulia. Ukila naye, atapiga sahani. Ukimpa chai, atapiga kikombe. Zilikuwa siku ambazo watu walitazamana kwa jicho la pembe, huyu wa wapi na yule wa wapi, na sisi watatu tukawa tunajifungia chumba kimoja kila Jumamosi, baada ya sala ya alasiri mpaka adhana ya magharibi. Majirani walishangaa. Hata sisi tulikuwa tunashangaa kidogo.

Tulichokuwa tukifanya ni hiki. Tunachukua bashrafu, ule muziki mtupu usiokuwa na maneno ambao taarabu hufungulia, muziki wa heshima zake. Tunauanza kama walivyouanza wazee. Tukifika katikati tunaufungua. Benedikti anatia mwendo wa beni, anauchanganya na wa kidumbaki, ile taarabu ya mitaani ya ngoma ndogo, Nassor anaondoka na fidla yake, mimi namfuata na kodiani nikimjibu kama walivyojibizana wale wa redioni. Mara nyingine ilitoka nzuri mpaka tunaogopa kutazamana. Mara nyingi ilitoka vibaya. Iko sauti katika muziki wetu ambayo inakaa baina ya sauti mbili, fidla inaipata kwa kutelezesha kidole tu, lakini kodiani haina. Mimi kwa ujuba wangu nikaifungua kodiani, nikazikwangua ndimi mbili za ndani kwa tupa ndogo ya kibandani, mpaka nikaipata. Nikafurahi siku tatu. Siku ya nne nikaenda nayo klabuni kwenye nyimbo za kawaida, kila mtu akanigeukia kama aliyenuka. Watu wa Kiponda wakatupa jina, wakatuita Wanatafuta, kwa kuwa kila wakipita chini ya dirisha wanadhani bado tunatafuta sauti, hatujaanza. Jina likatuganda, nasi tukalipenda.

Bi Zuwena ndiye aliyetupa ukumbi. Alikuwa mwimbaji katika ujana wake, mwimbaji hasa, wa kuitwa kwenye harusi za watu wakubwa na za watu wadogo. Sauti ilikuwa imeshakwenda, ulimi ulibaki. Alikaa chini, kwenye kiwanja cha ndani ya nyumba, sinia la asumini mapajani, akitunga vikuba, vile vishada vya maua, vya kuwauzia maharusi, na muziki wetu ukimteremkia kwa ngazi. Ukikosea, unasikia kutoka chini: "Astaghfirullah!" Ukipatia, husikii kitu.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi ya kushika. Mwenzio anapopiga taksimu, mwenye kodiani hushika sauti moja ya chini, ndefu, asiitikise, na yule mwenye taksimu hutembea juu yake. Anaweza kwenda mbali kadiri atakavyo, kwa sababu ile sauti ipo, anajua nyumbani ni wapi. Akishamaliza safari yake atarejea mwenyewe, ataikanyaga ile sauti ya nyumbani, na hapo ndipo wengine mtaingia. Kabla ya hapo huingii. Hata kama mkono umekufa ganzi, hata kama jasho linakuingia machoni.

"Ukishika, umeshika," Bi Zuwena aliniambia. "Mwenzio yuko juu huko, wewe ndo sakafu. Sakafu haisemi nshachoka."

Nilimwambia naam, Bi, nimeelewa. Sikio la kufa, mwanangu.

Sasa nikwambie jambo ambalo kwa miaka mingi sikumwambia mtu. Nilikuwa na wivu. Kodiani nilikuwa napiga vizuri, redio nilizijua mimi, wazo la jazi lilianza kwangu, lakini watu wakisikia Wanatafuta wakipiga, wanaotoka machozi wanatoka kwa sababu ya Nassor. Hakujionyesha hata siku moja. Laiti angejionyesha ningemchukia nikapumzika. Yeye akimaliza kupiga anauliza, "Abdalla, mimi nilikuzidia sauti pale?" na mimi nasema hapana, moyoni nikiungua. Kikulacho ki nguoni mwako.

Basi akatokea bwana mmoja, Bwana Mselem, ambaye alikuwa na mashine ya utepe ya kurikodia. Alikuwa akizunguka mjini na mashamba akikusanya ngoma na nyimbo, nyingine zikipata bahati ya kusikika redioni. Alisikia habari zetu, akasema atakuja Jumamosi kuturikodi. Utepe alionao ni mmoja, upande ulio mtupu unachukua nusu saa, si zaidi. Wiki nzima sikulala. Nilipanga mwenyewe kila kitu: tutaanza na bashrafu, Nassor atapiga taksimu fupi, dakika tatu hivi, kisha tutaingia katika nyimbo yangu. Nyimbo yangu niliitunga kwa kodiani, ina pahala pa kuonyesha vidole, na zile ndimi mbili nilizozikwangua zimo. Nilitaka mji mzima uisikie. Nilitaka mpiga fidla mmoja aisikie akiwa kwao, redioni, kama mimi nilivyokuwa nikiwasikia Wamarekani. Hayo ndiyo yaliyokuwa moyoni mwangu.

Jumamosi ikafika. Bwana Mselem akaweka mashine yake juu ya meza, Benedikti akatandika ngoma zake, tukamngoja Nassor. Akachelewa. Alipokuja alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia yake ya sikukuu, na chini tulimsikia akimwamkia Bi Zuwena kwa muda mrefu, hatusikii maneno. Nikapiga kelele kutoka juu, "Nassor, bwana, mashine inangoja!" Akapanda, akaniomba radhi, akatoa fidla.

Bashrafu ilikwenda vizuri. Kisha ikaja zamu yake. Mimi nikashika sauti ya chini, Benedikti akanyamaza, na Nassor akaanza.

Alianza pole, kama kawaida yake. Dakika tatu zikapita, hana habari. Nikamtazama, macho kayafumba. Akaingia katika nyimbo moja ya kizamani, ya harusi, sikuijua vizuri, akaichezea huku na huku mpaka ikawa inalia na inacheka pamoja, akaiacha. Dakika tano. Mara akarukia mwendo wa beni, ule wa matarumbeta, kwenye fidla, mwanangu, kwenye fidla! Benedikti akacheka kwa sauti, akaanza kugonga kwa ncha za vidole. Mimi nikasema moyoni, haya, leo kaamua kujionyesha, siku ya utepe ndiyo kaichagua. Nikautazama utepe kwenye mashine, kigurudumu kimoja kinanenepa na kingine kinakonda. Nikapiga hesabu ya nyimbo yangu. Bwana Mselem alikuwa ametulia, hana wasiwasi. Mwenye wasiwasi ni mimi. Nassor akashuka kwenye uzi wa chini kabisa, akaanza kitu kingine, kizito, polepole, kama mtu asiyekuwa na pa kwenda.

Nikaondosha kidole.

Umewahi kushuka ngazi gizani ukadhani bado kuna daraja moja, ukaukanyaga upepo? Ndivyo ilivyokuwa. Fidla ikabaki peke yake, ikayumba, ikapiga sauti moja iliyokosa pa kukaa, na mimi nikaingia na nyimbo yangu kwa nguvu zangu zote. Benedikti akanitazama kama ananiuliza kitu, kisha akanifuata, akachelewa kidogo. Nassor aliuteremsha upinde. Halafu akauinua, akaingia pahala pake, akapiga kila nilichomwandikia bila ya kukosea hata sauti moja.

Nyimbo yangu ilikwisha utepe ukiwa bado unazunguka, na nafasi ikabaki. Hilo nakuambia ulijue. Nafasi ilibaki.

Nilikuwa na furaha ya mwendawazimu. Bwana Mselem alinisifu vidole, nami nikamganda kumuuliza itasikika lini, siku gani, saa ngapi. Nassor alifunga fidla yake. Akaja akanipa mkono, akaushika wangu kwa mikono yake miwili.

"Umepiga vizuri, Abdalla," alisema.

"Ulinikawilisha, bwana," nikamwambia. "Ilibidi nikukate."

"Haidhuru," akasema. "Haidhuru, ndugu yangu."

Nikamgeukia tena Bwana Mselem. Nilisikia viatu vya Nassor vikishuka ngazi. Sikumsindikiza hata mlangoni. Nilipoteremka mimi, Bi Zuwena hakuniangalia usoni, aliniambia tu, "Abdalla, kesho njoo, nna maneno na wewe." Sikwenda. Nilijua anataka kunikaripia, na mtu mwenye furaha hapendi kuharibiwa.

Jumatatu Benedikti akaja kibandani, mikono yake imetulia. Nassor hakwenda kazini. Nyumba yao imefungwa kwa kufuli, mama hayupo, dada hayupo. Majirani wanasema hawajui, na wanasema hivyo huku wakitazama chini. Siku zile, mwanangu, mtu akiondoka kisiwani bila ya ruhusa hakuagi. Akikuaga, amekutia matatani wewe uliyeagwa, kwani utaulizwa. Wala hatukuuliza vipi waliondoka na kwa njia ipi. Hata leo siulizi. Kulikuwa na foleni za kila kitu, lakini maswali yalikuwa adimu kuliko mchele.

Alkhamisi nikaenda kwa Bi Zuwena, si kwa kuitwa, kwa uchungu.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Nlikwambia uje Jumapili. Kaa."

Nikakaa. Nikaanza kulalamika. "Nassor kaondoka, Bi. Sahibu yangu wa miaka yote ile, kaondoka hakuniaga hata kwa neno moja!"

Bi Zuwena akalitua sinia la asumini chini. Sikuwahi kumwona akilitua katikati ya kazi.

"Hakukuaga? We mwana we, hayo masikio unayo ya nini, ya kuvalia vipuli? Nassor katuaga sote, Jumamosi, juu hapo, na wewe ulikuwapo. Ile alopiga kwanza ni nyimbo nliyomwimbia mama yake siku anaolewa. Mie mwenyewe nshaisahau, yeye kaifukua wapi sijui. Alipoianza tu nikajua mtoto huyu anakwenda zake, machozi yakanitiririka juu ya maua. Hiyo yangu. Kisha akampigia Benedikti beni yake, kampa na yeye lake, akamchekesha. Halafu akashuka chini, taratibu. Hapo alikuwa anakuja kwako wewe."

Nikayatazama maua kwenye sinia.

"Alikuweka mwisho," akasema, "kwa sababu lako lilikuwa zito. Na alipofika mlangoni kwako ukamfungia."

"Utepe ulikuwa unakwisha, Bi," nikasema, na hata mimi nilisikia jinsi maneno yale yalivyo membamba.

"Utepe! Utepe unakwisha, ukanunuliwa mwengine. Mtu je? Nani kakwambia taksimu ina dakika? Kazi yako ilikuwa moja, kumshikia mwenzio mpaka arejee mwenyewe. Hukutakiwa uimbe, hukutakiwa ucheze. Ushike tu. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, Abdalla, na hii yako ilikuwa inapikwa kwa ajili yako peke yako."

Nilitoka pale nikazunguka mji, Malindi mpaka Vuga, Vuga mpaka Darajani, sijui natafuta nini. Nilimkasirikia Nassor kwa kutoniambia. Nilimkasirikia Bi Zuwena kwa kuniambia. Nilipochoka kuwakasirikia wao nikabaki mimi.

Redioni hatukusikika. Walisema, nasikia, kwamba muziki ule haueleweki, si taarabu si dansi. Sikujali tena. Lakini baada ya miezi kadhaa Bwana Mselem akaniletea mashine yake kibandani, inazunguka kwa kusuasua, mpira wake wa ndani umelegea. Na ndani yake, juu ya kigurudumu, ulikuwamo utepe wetu. Nikatia mpira mpya. Nikafunga mlango wa kibanda mchana kweupe, watu wanagonga siwajibu, nikasikiliza.

Kila alichosema Bi Zuwena kilikuwamo. Nyimbo ya harusi, ilikuwamo. Beni ya Benedikti na kicheko chake, vilikuwamo. Chini yake yote nilijisikia mimi, nimeshika ile sauti, imara, kama mtu mwema. Kisha fidla ikashuka uzi wa chini. Sauti nne. Nilizihesabu, mwanangu, nne tu. Hazikufanana na kitu chochote tulichowahi kupiga pamoja. Hakikuwa kitu cha klabuni, wala cha redioni, wala cha babake. Kilikuwa kipya. Alikuwa amenitungia. Na baada ya sauti ya nne ikaingia kodiani yangu, kubwa, yenye nguvu, imejaa nafsi yake, na vidole vyote vile nilivyokuwa nikivionea fahari. Nilirudia mara tatu. Mara ya tatu niliziba masikio kabla ya kuingia kodiani.

Bwana Mselem alipokuja nikamwomba anipe utepe ule. "Nnao huo mmoja tu, Abdalla," alisema, "na kesho nnakwenda Donge kurikodi maulidi." Alikuwa mkweli, tepu zilikuwa hazipatikani. Nikamkabidhi mashine, inazunguka vizuri, na maulidi ya Donge yakarikodiwa juu ya Nassor. Sina kinyongo. Sala na salamu zimfikie Mtume, kuna kitu kibaya zaidi kingeweza kurikodiwa pale.

Mimi na Benedikti tulijaribu kuendelea. Tulianza bashrafu kama zamani, na tulipofika pahala pa taksimu Benedikti hunyamaza, mimi hushika sauti ya chini, na hakuna mtu juu yake. Tulikaa hivyo, wanaume wazima wawili, tukiisikiliza sakafu. Bi Zuwena chini hakusema astaghfirullah wala hakusema kitu. Mwaka uliofuata Benedikti akapata kazi bara, akaenda zake, yeye nilimsindikiza mpaka bandarini na nikakaa mpaka meli ikawa haionekani. Bi Zuwena alikufa mwezi wa Rajabu. Ukumbi ule sasa wanakaa watu wengine.

Mara moja nilipata habari za Nassor. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, kuna mtu alipita kibandani, msafiri, akanunua betri ambazo hakuzihitaji, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mimi ndiye Abdalla wa kodiani. Akasema Nassor yuko salama, ng'ambo, ana duka la vitambaa, ameoa. Akasema fidla hashiki tena. "Kaniuliza kama wewe bado unapiga," yule bwana akasema. "Nikirudi nimwambie nini?"

Hapo, mwanangu, ndipo ningeweza kusema. Mlango ulifunguliwa tena, na Mwenyezi Mungu hafungui mara nyingi. Nilikuwa na maneno tayari, nilikuwa nikilala nayo na kuamka nayo. Nikamwambia msafiri yule, "Msalimie." Akangoja kidogo aone kama nina zaidi. Nikasema, "Msalimie sana." Akaenda zake na betri zake. Ulimi ule uliokuwa mwepesi wa kusema ilibidi nikukate, siku hiyo ulikuwa jabali.

Hajaja msafiri mwingine. Nami namkumbuka Nassor mpaka leo, namkumbuka kwa namna ambayo wewe kijana hutaijua mpaka umkose mtu aliye hai. Kuna siku niko sokoni nachagua ndizi, zile sauti nne zinanijia, nasimama. Muuza ndizi ananiuliza, "Mzee, vipi, unaumwa?" Nasema naam, kidogo. Nimejaribu kuimalizia mwenyewe. Nimekaa na kodiani, nikapiga zile nne, nikajaribu ya tano. Kila ninayoipiga ni yangu mimi, si yake. Miaka hamsini na zaidi, sijui rafiki yangu alitaka kuniambia nini.

Basi nasaha yangu ni ndogo, mwanangu, ichukue kabla hujaniona mzee huyu anarefusha. Mwache mtu amalize. Mama yako anaposimulia hadithi ambayo umeshaisikia mara kumi, mwache amalize, hujui kama ya kumi na moja ipo, wala hujui kama leo ameweka neno jipya ndani yake kwa ajili yako. Mkeo anapozunguka mbuyu asiseme anachotaka kusema, mshikie, usimwambie sema haraka nina kazi. Rafiki akija kwako na maneno yasiyo na kichwa wala miguu, usitazame saa. Watu hawasemi yaliyo mazito mwanzoni. Huanza na ya harusi, wakaja na ya kuchekesha, na lile lenyewe huliweka mwisho, nalo huja polepole. Ukimkata hapo, utadhani umeokoa dakika. Na ukishakosea, nenda siku ile ile. Usingoje maneno mazuri, nenda na mabaya uliyonayo. Mimi niliyangoja mazuri, yakaja, mwenye kuambiwa hayupo. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amekaa mapajani mwangu siku zote hizi, hakui wala haondoki.

Na kama unapiga muziki, nimesikia unapiga, nimekusikia kwa dirisha, usidhani wazee hatusikii, jifunze kushika kabla ya kujifunza kupaa. Wapaao ni wengi.

Haya, nenda, jua linazama na mama yako atakutafuta. Mola akupe sikio lenye subira na moyo usiokuwa na husuda. Akuruzuku marafiki wa kutembea nao mbali, na akupe nguvu ya kuwashikia wakitembea. Na siku utakapokuwa wewe ndiye unayeaga, mwanangu, awepo mmoja wa kukusikiliza mpaka sauti yako ya mwisho. Amin.